Sakafu za Isebania na Rangi Isiyodumu
Kabla saruji haijaenea katika nchi ya Wakuria, sakafu ya nyumba ilikuwa ya udongo ulioshindiliwa, nayo akina mama waliisiriba kwa udongo na samadi mbichi, wakairudia kila ilipopasuka. Na sakafu hiyo, ambayo wageni wengi waliidharau, ilikuwa na fadhila moja kubwa, kwamba unyevu wa ardhi uliipenya ukatoka bila ya kizuizi. Saruji, ambayo kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa kilianza kuitoa mwaka 1954, iliibadili tabia hiyo. Katika mji wa mpakani kama Isebania, uelekeanao na Sirari ya Tanzania, sakafu za maduka na gereji zikapigwa niru, ule uji mwepesi wa saruji usuguliwao kwa mwiko hata ung'ae, kisha zikapakwa rangi. Na mahali unyevu ulipokuwapo, rangi ikafanya malengelenge, ikabanduka chini ya magurudumu.

Aghalabu lawama huiangukia rangi, nami naona ni dhuluma. Maji hupanda ndani ya zege kupitia vitundu vyake, yakibeba chumvi, na yakikuta utando usiopitisha mvuke huuinua; tena utelezi wa niru, uliosifiwa mno, hauipi rangi pa kushika. Kwa hiyo fundi mwerevu hutandika nailoni nzito kabla ya kumwaga zege, akalinywesha maji siku za mwanzo, akangoja siku 28 kwa uchache, kisha akaukwaruza uso wake. Na akishuku, hubandika kipande cha nailoni sakafuni, pande zote zikiwa zimezibwa, mchana na usiku mzima, na akikuta matone upande wa chini, kopo la rangi halifunguliwi.