Mpango wa Miaka Kumi na Mafundisho Yake

Kitabu cha Mwanzo chatusimulia jinsi Yosefu alivyoiokoa nchi ya Misri. Miaka saba ya shibe aliweka akiba sehemu ya tano ya mavuno, na njaa ilipofika ghala zilikuwa zimejaa. Basi, kupanga mambo ya nchi mapema si desturi ya Wazungu peke yao. Ni kazi ya busara tangu zamani. Lakini historia ya Kongo yetu yatuonyesha kwamba mpango mkubwa waweza kukosa jambo moja, na kwa kulikosa hilo ukayumba.

Mwaka 1949 Pierre Wigny, waziri wa makoloni wa Ubelgiji, alitangaza Mpango wa Miaka Kumi wa kuendeleza Kongo. Gharama zilikadiriwa kuwa franka miliari 25. Hata mwisho wake, mwaka 1959, zilikuwa zimefika karibu mara mbili. Sehemu kubwa kuliko zote iliwekwa kwa ajili ya mabarabara, reli, bandari na vyombo vya mtoni. Mwaka 1956 reli ya kutoka Kabalo ilifika Kamina, na hivyo njia za Maziwa Makuu zikaungana na zile za Katanga. Tangu 1952 ofisi maalum ilijenga nyumba nyingi za wafanyakazi katika miji kama Leopoldville na Elisabethville. Zikajengwa pia mashule na mahospitali. Haki itendeke: kazi hizo zilikuwa kweli, na wazee wetu waliziona kwa macho.

Lakini fedha zilitoka wapi? Nyingi zilikopwa kwa jina la Kongo yenyewe. Mwaka 1951 Benki ya Dunia ilikopesha koloni dola milioni 40. Wakati shaba iliponunuliwa kwa bei nzuri, mzigo haukusikika. Bei iliposhuka, karibu na mwaka 1957, mapato ya serikali yakapungua, na madeni yakazidi. Tarehe 30 Juni 1960 taifa jipya lilirithi mabarabara, na pamoja nayo madeni ya mpango ambao halikuutunga. Mabishano na Ubelgiji juu ya madeni hayo yaliendelea hadi mapatano ya mwaka 1965.

Tena kulikuwa na upungufu mwingine mkubwa zaidi. Mpango ulihesabu kilometa, tani na nyumba, lakini haukuhesabu watu watakaozisimamia. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Siku ya uhuru, Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika 30, ingawa mapadri wetu wenyeji, waliosoma katika seminari, walikuwa mamia. Vyeo vya juu vya serikali vilikuwa karibu vyote mikononi mwa Wabelgiji. Askari walipoasi Julai 1960, maelfu ya wakubwa hao waliondoka katika majuma machache. Karani aliyezoea kunakili barua akajikuta ameketi katika kiti cha mkubwa wake, bila kufundishwa kazi ya kiti hicho. Tusimcheke. Tuwaulize waliopanga.

Wala hawakukosa kuonywa. Mwaka 1956 Wakristo wa gazeti la Conscience africaine, pamoja na Joseph Ileo, waliandika kwamba mpango wowote wa miaka 30 wa kuifikisha Kongo kwenye uhuru usitungwe bila Wakongo wenyewe.

Tusidhani kosa hili ni la wageni peke yao. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitatwaliwa na wenyeji. Neno lilipendeza masikioni. Lakini mali nyingi zilipewa wenye cheo na rafiki zao, ambao wengi hawakujua kuagiza bidhaa wala kutunza vitabu vya hesabu. Maduka yakawa matupu, na mwaka 1976 serikali ikaanza kuwarudishia wenyewe. Rangi ya mpangaji ilikuwa imebadilika. Raia alikuwa bado hajaulizwa.

Baba Mtakatifu Paulo VI, katika waraka wake Populorum Progressio wa mwaka 1967, alikubali kwamba mipango ni ya lazima, na kwamba ni kazi ya serikali kuiongoza. Lakini alitaka raia na vyama vyao washirikishwe, na maendeleo yawe ya mtu mzima na ya watu wote. Bwana wetu naye, katika Injili ya Luka, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza akahesabu gharama.

Ndugu wasomaji, hata katika parokia zetu huletwa mipango: kisima, dispensari, kinu cha kusaga. Kabla ya kupiga makofi, tuulize maswali matatu. Deni litalipwa na nani? Chombo kikiharibika, nani amefundishwa kukitengeneza? Na mama anayeteka maji kila asubuhi, je, aliulizwa kisima kichimbwe wapi? Mpango usioweza kujibu hayo haujawa tayari, hata ukiwa umepigwa muhuri.