Viashiria vya oksidisho katika damu na saratani ya kinywa

Viashiria vya oksidisho ni kemikali zinazopimwa kwenye damu ili kukadiria madhara yaliyosababishwa na molekuli kali za oksijeni katika seli za mwili. Vimechunguzwa sana, hasa India, kama njia ya kugundua mapema saratani ya kinywa, lakini bado havijawa kipimo cha kawaida hospitalini.

Chanzo

Takriban asilimia 90 ya saratani za kinywa huanzia kwenye seli bapa za utando wake. Visababishi vikuu ni tumbaku, pombe na tambuu, ambayo hutafunwa pia Zanzibar na Mombasa. Popoo iliyomo ndani ya tambuu ikichanganyika na chokaa, mate huwa ya alkali; katika hali hiyo polifenoli za popoo huoksidika na kuzaa molekuli kali zinazoshambulia mafuta, protini na DNA. Katika chapisho lake la mwaka 2004, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka tambuu, hata isiyo na tumbaku, miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Vinavyopimwa

Kiashiria kinachopimwa zaidi ni malondialdehaidi, zao la kuharibika kwa mafuta ya utando wa seli. Plazma hupashwa moto pamoja na asidi ya thiobarbituri, ikatoa rangi ya waridi ambayo ukali wake husomwa kwa mwanga wa nanomita 532. Madhara kwa DNA hukadiriwa kwa 8-hidroksideoksiguanosini. Hupimwa pia kinga ya mwili dhidi ya oksidisho: glutathioni, vitamini C na E, na vimeng'enya kama katalesi.

Matokeo na mipaka

Tafiti nyingi zimekuta malondialdehaidi ikiwa juu, na glutathioni na vitamini hizo zikiwa chini, kwa wagonjwa kuliko kwa watu wenye afya. Hata hivyo, uvutaji sigara, kisukari na ugonjwa wa fizi navyo hupandisha malondialdehaidi. Rangi ya waridi yenyewe hutokana pia na aldehaidi nyingine, na chembe nyekundu zikipasuka ndani ya sampuli, jibu hupotoka. Tena kiwango kikubwa hakionyeshi kiungo kilichoathirika.

Nafasi ya viashiria katika uchunguzi

Kinywa huchunguzika kwa macho, hivyo kipimo chochote cha damu hakina budi kushindana na taa na kioo cha daktari. Katika jimbo la Kerala, India, jaribio kubwa lililoanza mwaka 1996 lilionyesha kwamba ukaguzi wa kinywa kwa macho hupunguza vifo vya saratani hiyo kwa watumiaji wa tumbaku au pombe. Baka jeupe au jekundu lisiloondoka, au kidonda kisichopona kwa wiki 2 hadi 3, huhitaji kuonwa na daktari. Uthibitisho wa saratani hutokana na kipande cha nyama kilichokatwa na kuchunguzwa kwa hadubini.