Foto ya zamani inaweza kuwa imegeuzwa: namna ya kumtambua ndugu

Katika nyumba nyingi za Mudzipela foto za zamani zimebaki chache. Mwezi wa Mei 2003, kiisha jeshi la Uganda kuondoka Bunia, mapigano ya wanamgambo yalikimbiza watu. Nyumba ziliporwa, zingine zikachomwa. Mutu alibeba mutoto na sufuria, hakubeba albamu. Ndiyo sababu foto ya babu leo inatoka kwa ndugu aliyebaki Beni ao ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda, na inafika kwa WhatsApp. Watu wanainamia telefone: huyu ni nani?

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Foto inaweza kuwa imegeuzwa, kushoto ikawa kuume, sawa na vile kioo kinavyofanya. Tuseme nyuma yake iliandikwa kwa bic: kutoka kushoto babu, kaka yake, shemeji. Kopi ya telefone ikigeuzwa, shemeji anakuwa babu. Na kwa kuwa aliye katikati anabaki palepale, kosa halionekani upesi. Familia inaweza kulilia mutu asiye wake, ao kumwonyesha mutoto uso usio wa baba yake.

Inatokeaje? Zamani foto ilitoka kwa negatifu. Upande mmoja wa filamu unang'aa, upande mwingine, wenye dawa, hauna mng'ao. Dawa ndiyo inapaswa kuelekea karatasi. Mwenye studio akiweka filamu kinyume, foto inatoka safi kabisa lakini imegeuka. Siku hizi kosa linatoka kwa telefone: kamera ya mbele, ile ya kujipiga mwenyewe, kwa telefone zingine inahifadhi picha kama ya kioo. Kijana akiitumia kupiga foto ya muzee iliyo ukutani, tayari ameigeuza.

Alama ya kwanza ni maandishi: kibao cha duka, kalenda ukutani, namba ya gari. Herufi zikisomeka kinyume, maneno yameisha. Pasipo maandishi, angalia shemizi ya mwanaume. Vifungo vinashonwa upande wake wa kuume, na upande wa kushoto unalala juu. Mufuko wa kifua uko kushoto kwake, yaani kuume kwako wewe unayeangalia. Blauzi ya mwanamke inafungwa kinyume. Lakini angalisho: wazee wetu walivaa mitumba, na mwanaume aliyenunua shemizi ya kike sokoni hakuuliza vifungo viko wapi.

Mimi ninaamini kinga zaidi. Wazee walipenda kupigwa foto wakishika kinga yao mpya, na muchango huo ni mukubwa, sababu cheni iko upande wa kuume wa kinga. Ukiona cheni, gurudumu la mbele linapaswa kuelekea kuume kwako. Likielekea kushoto, foto imegeuzwa. Gari halisaidii sana kwetu: Kongo tunaendesha upande wa kuume na usukani uko kushoto, lakini Ituri imejaa magari ya kutoka Uganda yenye usukani kuume. Saa ya mukono nayo ni dalili tu. Wengi wanaivaa kushoto, si wote. Tafuta alama mbili zinazokubaliana.

Kiisha hapo ndipo uende kwa wazee, na hapo pia kuna mutego. Mama akisema, "Kaka yangu alikuwa na kovu kuume," pengine anasema kuume kwake yeye aliyekuwa anamwangalia. Usimuulize kushoto ao kuume. Mwambie, "Mama, gusa kwa uso wako pale kovu lilikuwa." Akigusa juu ya jicho lake la kushoto, umepata jibu. Uliza wazee wawili, kila mumoja peke yake, na usitaje jina mbele. Ukisema "huyu si Baba Mukubwa?", muzee atakubali kwa heshima tu. Na kama ni mapasa, kovu ao jino lililotoka ndilo linalowatenganisha. Foto ikigeuzwa, hata wao wenyewe wanaweza kubishana.

Usikimbilie kusahihisha majina ya nyuma. Kama aliyeandika alikuwa anaangalia karatasi ileile, mupango wake ni wa kweli kwa karatasi hiyo, hata kama imegeuka. Mwombe ndugu aliye na karatasi aipige tena kwa kamera ya nyuma, mbele na nyuma yake, kisha linganisha. Majina mapya yaandike kwa penseli laini pembeni, pamoja na jina la muzee aliyeyatoa na mwaka. Ya zamani usiyafute. Na kama kuna ubishi wa parsele, usipeleke foto peke yake kwa chefu wa kartie. Peleka pamoja na wale wazee wawili.