Mpiga Picha wa Ridhaa na Uso wa Jirani: Historia Fupi kutoka Bukoba na Muleba

Katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba, ukutani mwa sebule, hutundikwa picha za watu wa ukoo: babu aliyevaa kanzu na koti, bibi arusi, kijana siku ya kipaimara, mwalimu na wanafunzi wake. Picha hizo ni sehemu ya utamaduni wetu kama zilivyo ngoma, uhunzi na ufinyanzi, ingawa vitabu vya historia huzitaja kwa nadra. Katika insha hii tunakusudia kueleza jinsi upigaji picha ulivyoingia katika nchi ya Wahaya, na hasa jinsi mtu aanzaye kwa kupenda tu, bila ujira wala shahada, anavyokua katika kazi hiyo. Mtu wa namna hiyo tutamwita mpiga picha wa ridhaa. Tutajaribu kuonyesha kwamba ufundi wa mkono na hisia ya moyo hukua pamoja, na kwamba vyote viwili hupata nguvu mpiga picha akaapo karibu na watu anaowapiga.

Yafaa tuanze na mtu aliyeshindwa. Mwezi Novemba mwaka 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe kwa Mukama Rumanyika, katika eneo ambalo leo limo mkoani Kagera. Grant ndiye aliyekuwa amepewa kazi ya kupiga picha katika safari hiyo. Mpiga picha wa siku zile alilazimika kutayarisha kioo kwa dawa ndani ya hema jeusi lililofungwa, na kukisafisha papo hapo kabla dawa haijakauka. Joto la hema lilimwelemea Grant tangu mwanzo wa safari. Baada ya kupiga picha chache Unguja, kazi hiyo iliachwa, naye akashika penseli na rangi za maji.

Hata hivyo, kushindwa kule kulizaa jambo lenye mafunzo. Speke, kwa haraka ya kutafuta chanzo cha Naili, alichukua utepe na kumpima mwili mwanamke mnene wa jamaa ya Rumanyika, kisha akaziandika tarakimu kitabuni na kuondoka. Grant hakuweza kufuatana naye kwa sababu ya donda la mguu. Alibaki Karagwe miezi kadhaa mwanzoni mwa mwaka 1862, akilazwa na ugonjwa, akitazama na kuchora. Michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Mmoja alipima akapita. Mwingine alikaa, na kwa kukaa akapata nafasi ya kuona. Tofauti hiyo tutakutana nayo tena na tena.

Kituo cha Wajerumani kilijengwa Bukoba mwaka 1890 na Emin Pasha, akiwa pamoja na Franz Stuhlmann. Tangu hapo kamera zilianza kufika mara kwa mara. Luteni Paul Kollmann, aliyetumikia jeshi la wakoloni katika pande hizi za ziwa, alichapisha mwaka 1898 kitabu kilichojaa vielelezo vya ngao, mikuki, vyungu, nyumba na watu. Mwaka 1907 Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg aliifanya Bukoba kuwa mlango wa safari yake ya kuelekea Rwanda na Kongo. Miongoni mwa wataalamu wake alikuwamo Jan Czekanowski, ambaye kazi yake ilikuwa kupima vichwa na miili ya watu. Kwa vyombo vya siku zao, ufundi wa wasafiri hao haukuwa haba. Lakini katika vitabu vya namna hiyo mtu aghalabu hutajwa kwa kabila lake, wala si kwa jina lake. Husimamishwa mbele, kisha ubavuni, kama kielelezo cha darasani. Leo tunazihitaji picha hizo, kwa kuwa zinatuonyesha mavazi ya magome ya miti na misonge ambayo imekwisha kutoweka; ila tukitaka kujua aliyesimama pale alikuwa nani, au siku ile alikuwa na furaha au hofu, picha hazituambii kitu.

Mabadiliko yalianzia kiwandani. Mwaka 1888 kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuuza kamera iliyotumia filamu ya kukunjwa, na mwaka 1900 ikatoa kamera ya kisanduku iitwayo Brownie, kwa bei ya dola moja. Hema jeusi halikuhitajika tena. Mtu aliweza kupiga picha zake zote, kisha akapeleka filamu ikasafishwe na mwingine. Hapo ndipo alipozaliwa mpiga picha wa ridhaa: karani, mwalimu, katekista, fundi.

Ng'ambo ya mpaka, katika Ankole ya Uganda, ambako lugha na desturi zina udugu wa karibu na zile za Wahaya, tunaye mfano mwema. Musa Katuramu alikuwa fundi seremala na mwalimu aliyeishi Mbarara. Kuanzia miaka ya 1930 aliwapiga picha jamaa, majirani na watu wa mji wake. Filamu zake zilitunzwa na familia, na mwaka 2014 nyingi kati yake zilitolewa katika kitabu kiitwacho People Poses Places. Katika picha hizo watu wamesimama nje, katika mwanga wa mchana, wamevaa nguo walizotaka waonekane nazo. Tukizilinganisha na zile za mwaka 1907 tunaona badiliko kubwa: anayetazamwa naye anatazama. Amemjia mpiga picha kwa hiari yake, na kesho watakutana tena sokoni au kanisani. Mpiga picha anayejua kwamba atakutana tena na mtu wake hawezi kumfanya kichekesho.

Kutoka kwa fundi huyo wa mji mdogo tumgeukie sasa kijana aliyekulia Dar es Salaam, ambaye kukua kwake kunajulikana hatua kwa hatua. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, na familia yake ikahamia Tanganyika angali mtoto. Akiwa na umri wa miaka 11 alipata kamera kuukuu ya Brownie. Shuleni alijifunza kusafisha filamu katika chumba cha giza, akapiga picha za michezo na za mashindano ya magari, na kuziuza kwa magazeti kabla hajamaliza masomo. Mwaka 1963 alianzisha Dar es Salaam shirika lake la Camerapix.

Hatua yake ya kwanza ilikuwa ya wepesi: kufika mapema kuliko wenziwe. Ndivyo alivyozifikisha ulimwenguni picha za Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na tarehe 5 Julai 1969 alikuwa ndani ya gari la wagonjwa Nairobi wakati Tom Mboya, aliyepigwa risasi, alipokuwa akikata roho. Wepesi huo ni sehemu ya ufundi, na tusiudharau. Lakini kazi iliyomweka katika historia ilikuwa ya utulivu. Mwezi Oktoba 1984, pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC, alifika Korem katika Ethiopia, ambako maelfu walikuwa wamekusanyika kwa njaa. Filamu yake, iliyoonyeshwa kwanza tarehe 23 Oktoba, inaanza alfajiri, katika ukungu na moshi. Kamera inakwenda polepole juu ya umati, kana kwamba haitaki kumruka hata mmoja. Mtu mwenye haraka asingeweza kupiga vile. Miaka 20 na zaidi ya mazoezi ya mkono ilimfikisha mahali ambapo mkono ulijua kungoja. Wahenga walisema, kawia ufike.

Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto na kumuua mwenziwe wa kurekodi sauti, John Mathai. Amin alirudi kazini na mkono wa bandia. Alikufa tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro.

Picha za Korem ziliamsha huruma, na misaada mingi ikatolewa; kwa hilo waliokoka wengi. Hata hivyo, wakosoaji walisema kwamba baada ya picha hizo Mwafrika alionekana katika nchi tajiri kama tumbo tupu lisilo na jina. Mwaka 1989 mashirika ya misaada ya Ulaya yalikubaliana juu ya mwongozo wa kulinda heshima ya watu katika picha. Swali walilojiuliza wao linatuhusu sisi pia: huzuni ya mtu ipigwe picha vipi, na nani?

Kwa Bukoba na Muleba swali hili si la mbali. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu, na daraja la Kyaka likabomolewa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitoka mkoani Kagera. Katika miaka iliyofuata waandishi wa mataifa mbalimbali walikuja na kamera, na ulimwengu ukauzoea uso wa mgonjwa aliyekonda, mlangoni mwa nyumba ya udongo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa.

Katika misiba hiyo ndipo picha ndogo ya nyumbani ilipopata uzito mpya. Mtoto aliyefiwa na wazazi hakuihitaji picha ya mama akiwa kitandani. Alihitaji kumwona mama akiwa mzima, amevaa gauni lake zuri, ili aweze kusema, "Nimefanana naye." Huko Uganda chama cha wanawake waishio na virusi, NACWOLA, kilieneza desturi ya vitabu vya kumbukumbu, ambamo mzazi humwandikia mwanawe habari za ukoo na kubandika picha. Kwetu Nshamba, wilayani Muleba, katika miaka ya 1990 lilianzishwa shirika la Humuliza, ambalo jina lake kwa Kihaya lina maana ya kufariji, ili kuwasaidia yatima kuibeba huzuni yao. Kwa mtazamo huu, jirani aliyepiga picha ya arusi kwa kamera ya kisanduku, bila kujua litakalokuja, alifanya kazi ambayo mgeni mwenye vyombo vya thamani asingeweza kuifanya.

Je, mpiga picha wa ridhaa ajifunze nini? Kwanza, aijue nuru ya nchi yake. Ndani ya kibanja majani ya migomba huchuja jua, na uso wa mtu hujaa madoa ya mwanga na kivuli. Mwenye kujua humleta mtu wake ukingoni mwa migomba, uso ukielekea rweya, ambako mwanga ni mpana na laini. Ndani ya msonge mwanga huingia kwa mlango peke yake; aketishwaye karibu na mlango huo huonekana nusu uso, na nusu hiyo yaweza kusema mengi. Pili, aijue rangi ya watu wake. Kwa miaka mingi filamu za rangi zilipimwa viwandani kwa ngozi ya Wazungu, hata nyuso nyeusi zikatoka kama vivuli. Aliyewapenda watu wake alijifunza kuifungua lenzi zaidi, ili macho na mashavu ya bibi yasipotee. Hapo twaona wazi kwamba hisia yenyewe ndiyo iliyoudai ufundi. Tatu, aombe ruhusa, aandike jina, mahali na tarehe, na nakala ya picha airudishe kwa mwenyewe.

Siku hizi kamera imo katika simu, na wapiga picha wa ridhaa hawahesabiki. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 lilipozibomoa nyumba za Bukoba, na tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wenyeji walikuwa na simu mikononi. Katika ajali hiyo watu 19 walikufa na 24 waliokolewa kati ya 43. Picha zilizoenea kutoka ufukoni zilionyesha mkia wa ndege juu ya maji, mitumbwi ya wavuvi waliotangulia kufika, na umati wa watu wakivuta kamba kwa pamoja. Hazikuwa na usafi wa kistudio, nyingine zilitikisika. Lakini ndani yake watu wa Bukoba hawaonekani wakingoja kuhurumiwa. Wanaonekana wakitenda. Tukizipanga picha hizo kando ya zile za mwaka 1907, tutaelewa umbali tuliosafiri.

Walimu na wanafunzi wana kazi mbele yao. Picha za ukutani hufifia kwa unyevu wa ziwa na kwa moshi, na wazee wanaojua majina ya waliomo wanapungua kila mwaka. Shule inaweza kuunda kikundi kitakachozitembelea nyumba, kwa idhini ya wenyewe, kuzipiga picha nakala, na kuandika kwa kila moja: huyu ni nani, ilikuwa wapi, mwaka gani, nani aliyeshika kamera. Mwanafunzi atakayeketi na mzee mchana mzima kwa ajili ya picha moja atakuwa amejifunza historia. Na atakapoinua kamera yake mwenyewe kumpiga mzee huyo, atakuwa tayari anamfahamu mtu anayemtazama.