GARI LA CHINI NA GETI LA MANZESE: JINSI YA KUINGIA NYUMBANI BILA KUKWANGUA



Ile sauti ya "krrrr" chini ya gari kila mwenye gari la chini anaijua. Umetoka kazini, umetembea Morogoro Road salama, ukakata kona pale Tip Top au Argentina, ukakwepa bajaji, bodaboda na meza za mitumba... halafu mita tano kabla ya kufika, gari linakwangua kwenye daraja la mtaro mbele ya geti lako mwenyewe. Inauma!

Bongo magari ya namna hii yako mengi. Toyota Altezza (ilitengenezwa 1998 hadi 2005), Celica, Mark II GX110 na wenzake yalitengenezwa kwa ajili ya lami ya Japani. Yakifika uswahilini yanakutana na tuta, shimo, na kiingilio ambacho fundi wa nyumba alikimwaga kwa macho bila kupima. Leo tuangalie jinsi ya kulitatua hili, kuanzia la bure hadi la gharama.

1. KWANZA JUA LINAGUSA WAPI

Yako maeneo matatu. Bampa la mbele linagusa pale mlima unapoanza. Tumbo linagusa pale mlima unapoishia, kwenye kilele. Bampa la nyuma na ekzosi vinagusa wakati mkia bado uko chini na tairi za nyuma zimeanza kupanda. Mwambie mtu achuchumae pembeni aangalie wakati unaingia polepole, au paka chokaa kwenye zege kisha uone imefutika wapi. Dawa ya bampa sio dawa ya tumbo, kwa hiyo usianze kutoa hela kabla ya kujua.

2. PIMA, USIKISIE

Chukua futi kamba. Pima uwazi kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya tumbo, gari likiwa na watu ndani kama unavyotembea nalo kila siku. Halafu pima umbali kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma. Kwa Altezza ni sentimita 267.

Sasa hesabu ya darasa la saba: zidisha uwazi mara 4, kisha gawa kwa umbali wa magurudumu. Mfano uwazi ni sentimita 10 gari likiwa limejaa. 10 mara 4 ni 40, ukigawa kwa 267 unapata 0.15. Maana yake ni kwamba kutoka mlimani kwenda tambarare, gari hilo linavumilia mlima wa sentimita 15 kwa kila mita 1. Ukizidi hapo tumbo linakaa kwenye zege. Kama kilele kinashuka pande zote mbili, jumlisha milima yote miwili.

Kupima mlima wenyewe ni rahisi. Laza ubao ulionyooka wa mita 1, weka pimamaji juu yake, nyanyua ncha ya chini mpaka ubao ulale sawa, kisha pima uwazi uliobaki chini ya ncha hiyo.

3. MBINU ZA USUKANI (BURE KABISA)

- Ingia kwa mshazari, tairi moja ipande kabla ya nyingine. Kama uchochoro unaruhusu, hii peke yake inaokoa mabampa mengi. Ila angalia bodaboda, wengi hawategemei gari litanue namna hiyo.
- Nenda polepole sana. Mwendo unabonyeza springi, na springi ikibonyea uwazi unaisha.
- Usikanyage breki ghafla bampa likiwa limekaribia zege, maana breki inainamisha pua. Breki fanya kabla, halafu achia taratibu.
- Abiria washuke na magunia yashuke. Wasiwacheke, sentimita mbili au tatu zinapatikana hapo.
- Jaribu kuingia kinyumenyume. Magari mengine nyuma yako juu kuliko mbele.
- Weka mbao mbili nene pale mlima unapoanza, moja kila upande wa tairi. Tairi linanyanyuka kabla bampa halijafika kwenye mlima.

4. KUREKEBISHA KIINGILIO

Kanuni ni fupi: JUU PUNGUZA, CHINI JAZA. Watu wengi wanajaza zege juu ya kilele wakidhani wanalainisha, kumbe wanaongeza kisu cha kulikata tumbo.

Tuseme mlima wako unapanda sentimita 24 kwa mita, na gari linavumilia 15. Huna haja ya kubomoa wote. Tengeneza kipande cha kati kinachopanda nusu yake, yaani sentimita 12 kwa mita, chini na juu. Kona moja kali inakuwa kona mbili laini, na kila moja iko ndani ya uwezo wa gari. Kipande hicho kisipungue mita 1 na nusu. Kikiwa kifupi kama hatua moja umemwaga saruji bure.

Daraja la mtaro nalo liangalie. Wengi wanaweka slabu JUU ya kingo za mtaro, linakuwa tuta. Chonga kingo, slabu likae ndani yake lilingane na barabara, na nondo ziwe za kutosha kubeba gari.

5. MAJI YA JIRANI

Hapa naomba tuelewane. Usijaze mtaro kifusi ili upate njia laini! Wala usitie bomba jembamba ukafukia juu. Mifuko na takataka zitaziba siku ya kwanza ya masika, na maji hayataingia kwako, yataingia kwa mama wa nyumba ya pili anayelala na watoto chini. Dar tunaijua mvua. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu na kuwahamisha wengi kutoka bonde la Msimbazi. Mtaro wa mtaani ni mdogo, lakini maji hayajui udogo.

Acha upana wote wa mtaro wazi chini ya slabu, na slabu liwe la vipande vinavyonyanyuka ili muweze kuzoa taka. Kabla ya kugusa mtaro wa barabara, pita serikali ya mtaa uulize. Barabara za mitaa zinasimamiwa na TARURA tangu 2017, na barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Kuuliza ni rahisi kuliko kubomolewa.

6. KUREKEBISHA GARI

Shokapu hazibebi gari, zinatuliza mtikisiko tu. Zinazobeba ni springi. Kwa hiyo kama gari limelala kwa uzee, shokapu mpya peke yake hazitalinyanyua. Badilisha springi.

Spesa zinasaidia, ila usizidishe. Gari likinyanyuka sana ekseli zinafanya kazi kwa pembe mbaya na tairi zinalika upande. Ukishaweka, nenda kafanye alaimenti na urekebishe mwanga wa taa.

Tairi kubwa? Unapata nusu tu ya kilichoongezeka. Ukitoa 215/45 R17 ukaweka 195/65 R15, gari linapanda chini ya nusu sentimita. Na kama kuna mtu alikata springi ili gari lilale, hapo dawa ni moja, rudisha springi zake.

7. UKISHAKWANGUA

Usiendelee tu na safari. Chungulia chini. Oili ikidondoka, au taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo. Sampo iliyotoboka inaziba kwa hela ndogo, injini iliyokauka oili inakula akiba ya mwaka. Angalia pia mabomba ya breki na ya mafuta yanayopita chini, na ekzosi kama imelegea.

Kwa kifupi: pima, ingia taratibu, juu punguza, chini jaza, na mtaro uacheni upumue. Mafundi na madereva mlioko humu, mwenye mbinu nyingine aongezee.