Marekebisho Stahiki: Nani Abebe Mzigo Wakati wa Janga?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, una istilahi inayowatoa jasho wafasiri: "reasonable accommodation". Anayeifasiri neno kwa neno bila kuusoma mkataba huishia kwenye malazi, na msomaji akadhani anaahidiwa chumba cha kulala. Kinachozungumziwa ni mabadiliko ya lazima yanayofanywa kazini, shuleni au penye huduma ili mtu fulani mwenye ulemavu, kwa hali yake mahususi, aweze kushiriki sawa na wenzake, ilimradi mabadiliko hayo yasiwe mzigo uliopita kiasi kwa anayeyafanya. Kumnyima ni kumbagua. Kifungu cha 2 kinasema hivyo waziwazi.

Mimi natumia "marekebisho stahiki". Wapo wanaosema marekebisho ya kuridhisha, na wapo wanaosema mazingira wezeshi. Hilo la pili lina kazi yake: mlango mpana, njia ya mteremko, tovuti inayosomeka kwa sauti, vitu vinavyoandaliwa kwa ajili ya wote kabla mhitaji hajafika. Marekebisho huanza pale mtu mmoja anapoeleza anahitaji nini. Na "ya kuridhisha" linazua swali, yamridhishe nani? Kwa kawaida huwa mwajiri. "Stahiki" linamrejeshea haki yake anayeomba. Kamati inayosimamia mkataba huo, katika Maoni yake ya Jumla Na. 6 ya 2018, ilieleza kwamba sifa ya "reasonable" haikuwekwa ili kumpunguzia mwajiri wajibu. Inapima kama rekebisho linamfaa mhusika na kumfikisha anakokwenda. Mpaka wa wajibu umewekwa kwenye mzigo.

Uviko-19 ulipoingia Afrika Mashariki Machi 2020, mahitaji yalibadilika kwa siku chache. Barakoa ilifunika midomo ambayo mfanyakazi kiziwi alizoea kuisoma. Ndoo za kunawia zenye pedali ya mguu hazikumfaa anayetumia kiti cha magurudumu. Asiyeona, ambaye hushika kiwiko cha mwenzake akitembea, aliambiwa akae mbali na watu. Hata kufanya kazi nyumbani, jambo ambalo wengi wenye ulemavu walikuwa wakiliomba miaka nenda rudi na kukataliwa, kulikuja na mikutano ya mtandaoni isiyo na mkalimani wa lugha ya alama.

Wakati huohuo mifuko ya waajiri ilikauka, na hapo ndipo kipengele cha mzigo kilipopata makali. Nchini Marekani, Tume ya Fursa Sawa za Ajira ilitamka kwamba kupotea ghafla kwa mapato ya mwajiri kutokana na janga ni jambo la kuzingatiwa katika kuupima mzigo. Kisheria inaeleweka. Kwa mfanyakazi maana yake ni kwamba haki yake hupungua uzito siku ileile anapoihitaji zaidi. Maoni Na. 6 yanaonyesha pa kutokea: katika kupima mzigo huhesabiwa pia ruzuku ya umma inayopatikana. Serikali ikitia fedha, udhuru wa mwajiri unapungua.

Tazama Kenya. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003, iliyokuwa ikitumika wakati wa janga, ilimruhusu mwajiri binafsi anayegharamia marekebisho kukata nusu ya gharama hizo, kama punguzo la ziada, kwenye mapato yake yanayotozwa kodi. Akitumia shilingi 100,000, hupunguza 50,000 kwenye mapato hayo. Kwa kodi ya asilimia 30 anaokoa 15,000. Aprili 2020 kodi ya kampuni ilishushwa hadi asilimia 25 ili kuwapa wafanyabiashara nafuu, na akiba hiyo nayo ikashuka hadi 12,500. Kampuni iliyopata hasara mwaka huo haikuwa na kodi ya kupunguziwa. Msaada unaotegemea faida huwakimbia watu faida inapotoweka.

Uingereza ina mpango wa Access to Work, ulioanza 1994, unaotoa ruzuku ya vifaa, wakalimani, wasaidizi na nauli, bila kuuliza kwanza kama mwajiri amepata faida. Wakati wa janga msaada huo uliruhusiwa kumfuata mfanyakazi nyumbani. Aliyejiajiri pia anaweza kuuomba, na hilo ndilo ningependa watunga sera wetu walitazame kwa makini, kwa sababu fundi cherehani au muuza mboga mwenye ulemavu hana mwajiri wa kumpelekea ombi. Tanzania Bara humtengea mtu kama huyo fungu katika asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri, lakini kwa njia ya mkopo. Cherehani ya kuendeshwa kwa mkono, aliyoihitaji ili afanye kazi sawa na fundi mwenzake, atailipia kwa marejesho ambayo mwenzake hadaiwi.