Hodi Umpigie Nani?

Ukiingia bustani ya mtu unapiga hodi, na ua huchumi mpaka uambiwe. Sasa pale Jeevanjee, katikati ya Nairobi, hodi umpigie nani? Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji bustani ile mwaka 1906. Kwa hiyo jamaa aliyelala nyasini, viatu kavifanya mto, mimi simwiti mgeni. Yuko kwake! Mgeni asiye na adabu ni ule mpango wa 1991, wa kung'oa bustani na kujenga maegesho ya magari ya ghorofa. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, alisimama na wenzake wakaukataa, ukakwama. Ndiyo maana saa saba mchana bado tunamsikiliza mhubiri kivulini, bure.